Deiwaka wa Besiboli: Namna ya Kumfuatilia Mdakaji wa Akiba Ukiwa Arusha

Kwa miaka sita nilikuwa deiwaka wa daladala za njia ya Kilombero–Ngaramtoni, hapa Arusha. Kama hukukulia mjini kwetu, deiwaka ni suka, yaani dereva wa daladala, asiye na gari. Anakaa kijiweni, anakunywa chai, anasubiri dereva mwenye gari augue, afiwe au achoke. Siku hiyo anakabidhiwa ufunguo. Hesabu ya tajiri haipungui kwa sababu wewe ni mgeni, na abiria hawana habari kwamba gari hulijui. Siku yangu ya kwanza Hiace moja ilinizimikia mara tatu kabla ya kufika Sakina. Klachi yake ilikuwa inashikia juu kabisa na hakuna aliyeniambia. Mama mmoja wa kiti cha mbele alinikagua kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili, akamgeukia konda: "Huyu mmemtoa wapi?"

Swali hilo hilo ndilo anaulizwa mdakaji wa akiba kwenye ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB. Mdakaji ni yule anayechuchumaa kupokea mipira ya mrushaji; wa akiba ni yule anayengoja benchini. Nataka nikuelekeze namna ya kumfuatilia mtu huyu, kwa sababu kwa mtu wa huku ndiye mchezaji rahisi kuliko wote kumpenda, na nitakuonyesha kwa nini.

Mimi mwenyewe niliingia kwenye mambo haya Agosti 2016. Ulikuwa msimu wa wageni, kampuni moja ya utalii ikapungukiwa madereva, nikaitwa kushika Land Cruiser siku sita. (Hela yangu nilikuja kuiona Oktoba, tuyaache.) Mgeni wangu alikuwa mzee wa Milwaukee, mpole, mwenye maneno mengi. Tulipokuwa tunapanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu akaniuliza kama gari ni langu. Nikamweleza udeiwaka. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema kwao kuna watu wanaifanya kazi hiyo miaka kumi na tano na wanazeeka nayo, tena mmoja wao anastaafu mwaka huo huo: David Ross wa Chicago Cubs. Usiku, tumelala Karatu, nikamtafuta kwenye simu. Ndiyo ikawa hivyo.

Anza na saa ya ukutani

Watu wengi huku hushindwa besiboli kwa sababu ya usingizi tu. Timu moja inacheza mechi 162 ndani ya miezi sita, karibu kila siku. Mechi ya New York au Boston ikianza saa 1 jioni kwao, kwetu ni saa 8 usiku. Ya Los Angeles ikianza jioni, kwetu ni saa 11 alfajiri, muda ambao suka anatafuta maji ya kuosha kioo. Ukijaribu kukesha zote utaachwa na mke, na gari utanyang'anywa.

Sasa sikiliza. Jumapili mechi nyingi huchezwa mchana. Saa 7:35 mchana ya pwani ya mashariki ya Marekani ni saa 2:35 usiku Arusha. Umeshakula, watoto wamelala. Na mdakaji namba moja wa timu hiyo, yule nyota, jana yake Jumamosi usiku alichuchumaa mechi nzima na kupokea mipira kama 150. Magoti yake leo hayataki hata ngazi. Kocha anampumzisha, anamkabidhi deiwaka ufunguo. Ni desturi ya zamani kule: mechi ya mchana baada ya mechi ya usiku, akiba anaingia. Kwa hiyo mechi ambayo mtu wa Arusha anaweza kuitazama bila kukesha ndiyo hiyo hiyo anayocheza mdakaji wa akiba! Mimi misimu miwili ya kwanza nilikuwa nawajua waakiba kwa sura na mwendo, na nyota wenyewe siwajui.

Ukitaka timu ya kuanzia, chukua Chicago Cubs. Uwanja wao, Wrigley Field, haukuwa na taa mpaka Agosti 1988, na hadi leo wanacheza mchana mara nyingi kuliko wenzao. Mechi yao ya saa 7:20 mchana ni saa 3:20 usiku kwetu, hata siku za kati ya wiki.

Kuhusu bando: usikimbilie video. Programu ya MLB ya simu inakuandikia mchezo mzima bure, mpira kwa mpira, kwa maandishi na vimchoro. Inakula bando kidogo sana. Nimefuatilia misimu mizima hivyo, nikingoja abiria wajae.

Mchezo wenyewe, kwa haraka

Mrushaji anarusha, mpigaji anasimama na gongo, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji mwenye kinyago cha chuma, kinga ya kifua na kinga za miguu. Mpigaji akifanikiwa anakimbia kuzunguka vituo, cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka arudi nyumbani, na hiyo ni pointi moja. Kila timu ina zamu 9 za kupiga. Mengine utajifunza kwa kuona, kama ulivyojifunza ofusaidi.

Timu ina wachezaji 26 kwenye orodha ya siku. Warushaji wanakula nusu. Wadakaji kwa kawaida ni wawili tu. Elewa maana ya wawili. Kocha hathubutu kumwingiza yule wa pili kwa kucheza tu, maana akimwingiza na wa kwanza akaumia, nani atavaa kinyago? Ndiyo maana usiku wa kawaida utamwona amekaa benchi saa tatu nzima, tayari kabisa, asiitwe. Nimekaa hivyo Kilombero, najua mgongo unavyouma kwa kungoja kuliko kwa kuendesha.

Cha kumwangalia

Usimwangalie akiwa na gongo. Utakata tamaa. Mpigaji mzuri wa ligi ile anapata mapigo kama matatu katika kila majaribio kumi, akiba wengi wanaambulia mawili. Kevin Cash, aliyekuwa akiba miaka mingi kabla ya kuwa kocha wa Tampa Bay, alimaliza na wastani wa .183, yaani hata mawili hayakutimia. Hakuwekwa pale kwa gongo.

Mwangalie anavyopokea. Mpira unakuja kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa na zaidi, unapita nje kidogo ya eneo halali (nafasi ya kati ya magoti na kifua cha mpigaji, juu ya kituo cha nyumbani), chini ya goti lake. Mdakaji mbovu mkono unafuata mpira chini, na mwamuzi anaona wazi kwamba umetoka. Mdakaji mzuri glavu yake inaanzia chini ya mpira halafu inapanda nao, taratibu, kama mtu anayenyanyua kikombe kilichojaa, na inatulia palepale. Mwamuzi anasema halali. Mpigaji anageuka kulalamika, mdakaji anatazama mbele kama hahusiki. Kuanzia 2026 kuna mashine ya kukatia rufaa. Kila timu inaanza na rufaa mbili, na mdakaji ni mmoja wa wanaoruhusiwa kuomba, kwa kujigusa kichwani. Wengine walisema mashine itawaua waakiba. Mimi naona imewapa kazi nyingine: kujua wakati wa kugusa kichwa na wakati wa kunyamaza.

Cha pili unaweza kukipima mwenyewe. Mkimbiaji aliyeko kituo cha kwanza anapojaribu kuiba cha pili, yaani kukikimbilia bila kungoja mpira upigwe, fungua saa ya kusimamisha kwenye simu. Bonyeza mpira ukigonga glavu ya mdakaji, bonyeza tena ukigonga glavu ya mwenzake kituo cha pili. Umbali ni mita 38.8. Panga mabasi makubwa matatu ya stendi, kichwa kwa mkia, na bado kuna pengo limebaki. Katika muda huo ameudaka, amesimama kutoka kuchuchumaa, amerusha, mpira umefika. Ukipata sekunde 2.0, huyo ni wa kawaida wa ligi. Ukipata 1.9, mkono wake ni wa kula nao ugali miaka kumi. Kijana wangu wa kwanza alizipima mpaka betri ikaisha, akaniambia sekunde mbili ni ndefu sana ukiziangalia vizuri.

Na kuna kitu kidogo ambacho kamera huwa inakikimbia kwenda kwenye matangazo. Zamu ya timu yake kupiga ikiisha huku mdakaji namba moja akiwa amekwama kituoni, inabidi akavae makinga yake yote upya, na hiyo inachukua muda. Hapo akiba anatoka mbio benchini na kinyago na glavu tu, anachuchumaa, anapokea mipira michache ya mrushaji ili mkono wake usipoe, mwenyewe anafika, akiba anarudi mbio benchini. Hesabuni hamna, kwenye takwimu hamna. Ni kumwashia mwenzako injini asubuhi.

Kila mrushaji ni gari lake

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo roho ya kazi ilipo. Akiba lazima awajue warushaji wote: nani akichoka mpira wake unapanda, nani anataka kusemeshwa, nani ukimsemesha anaharibika. Wako wanaomtaka akiba kuliko nyota. Jon Lester, mrushaji mkubwa wa Boston kisha Chicago, alikuwa na tatizo la ajabu: kurusha kuelekea kwa mpigaji hakuna shida, kurusha kituo cha kwanza kumtisha mkimbiaji kunamshinda. Ross aliziba pengo hilo kwa mkono wake, anarusha yeye kutoka nyuma ya mpigaji kuwakamata wakimbiaji waliosogea. Walishinda ubingwa pamoja Boston 2013, na Lester alipokwenda Cubs, Ross naye akaenda.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha nakoboli. Nakoboli ni mpira unaorushwa karibu bila kuzunguka. Ni wa polepole, na kwa kuwa hauzunguki upepo unauchezea, unayumba kama karatasi ya chipsi, hata aliyeurusha hajui unakwenda wapi. Tim Wakefield wa Boston aliishi kwa mpira huo. Mdakaji wake maalumu alikuwa Doug Mirabelli, akiba, mwenye glavu kubwa kuliko za kawaida. Desemba 2005 Boston wakamuuza San Diego. Wakamweka Josh Bard adake nakoboli. Mwezi wa Aprili peke yake mipira 10 ikampita Bard! Uongozi ukasalimu amri, ukamrudisha Mirabelli tarehe 1 Mei 2006, siku ambayo Wakefield anarusha dhidi ya Yankees. Mirabelli akapanda ndege kutoka pwani ya upande wa pili wa nchi. Uwanja wa ndege wa Boston akapokelewa na gari la polisi, akavaa jezi ndani ya gari king'ora kikilia, akafika uwanjani dakika chache kabla ya mpira wa kwanza. Akadaka. Boston wakashinda.

Soma tena kisa hicho ukikumbuka kwamba ni mtu wa akiba. Mimi nimewahi kupigiwa simu saa 10 alfajiri niwahi gari, ila king'ora sikupewa.

Nakoboli hiyo hiyo ilimtesa Bob Uecker. Mwaka 1967, alipohamia Atlanta na kumdakia Phil Niekro, mipira 27 ilimpita, mingi kuliko mdakaji yeyote wa ligi yake mwaka huo, na wala hakuwa wa kila siku. Aligeuza aibu kuwa riziki: alikuwa akieleza kwamba njia nzuri ya kudaka nakoboli ni kungoja iache kubingirika, halafu uiokote. Alicheza misimu sita tu, wastani .200, kisha kuanzia 1971 akawa mtangazaji wa redio wa Milwaukee mpaka msimu wa 2024. Alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 90. Mgeni wangu wa Karatu alikuwa anaiga sauti yake. Ndiyo maana alikuwa hanyamazi, nadhani.

Mfuate akipanda na kushuka

Nyota huhama mara moja kwa mbwembwe. Akiba huhama kama mzigo wa sokoni, na hili ni lazima ulizoee. Fungua ukurasa wa uhamisho wa timu kila Jumatatu. Timu ina misimu mitatu ya kumshusha ligi ndogo na kumpandisha itakavyo; ikiisha, haiwezi kumshusha bila kwanza kuziachia timu nyingine nafasi ya kumchukua. Kwa hiyo ukiona jina lake limeondolewa kwenye orodha usilie. Subiri wiki. Mara nyingi anaibukia mji mwingine.

Hela inaeleza kwa nini wanavumilia. Mwaka 2023 mshahara wa chini kabisa wa ligi kuu ulikuwa dola 720,000 kwa msimu. Hatua moja tu chini yake, kima cha chini kilikuwa dola 35,800 kwa mwaka. Yaani siku kama kumi juu zinalingana na mwaka mzima chini. Mwaka 2026 kima cha chini cha ligi kuu kimefika dola 780,000. Na ukikusanya siku 43 tu za ligi kuu, una haki ya pensheni. Siku 43! Mimi miaka sita sina hata kitambulisho cha njia.

Wa kuanza naye kusoma ni Erik Kratz. Alichaguliwa na Toronto mwaka 2002 kwenye raundi ya 29, maana yake karibu hakuna aliyemtegemea. Ligi kuu aliingia Julai 2010, ana miaka 30. Akazunguka timu baada ya timu, na 2018, ana miaka 38, alikuwa anadaka Milwaukee walipobakiza mechi moja kufika fainali. Aliendelea mpaka 2020. Mchore ramani yake kwenye daftari, utajifunza miji ya Marekani bila mwalimu.

Siku yangu

Alfajiri ya Alhamisi, 3 Novemba 2016, mechi ya saba ya fainali, Cubs na Cleveland. Ilianza saa 9 usiku wetu. Nilikuwa na zamu ya kushika gari saa 11, nikaamka kabisa, nikawa nasoma maandishi kitandani nimefunika simu na shuka ili nisimwamshe mama watoto.

Zamu ya tano, Cubs wanaongoza 5–1, anaingizwa Lester, na kwa hiyo anaingia Ross, ana miaka 39, mechi ya mwisho ya maisha yake. Mpira wa kwanza kumhusu aliuokota mbele yake akaurusha vibaya kituo cha kwanza. Kosa. Muda mfupi baadaye Lester akarusha mpira uliodunda chini, ukampiga Ross kinyagoni, akaanguka akiutafuta, wakimbiaji wawili wakafika nyumbani. Nilisoma 5–3 nikaona Hiace yangu imezima Sakina na yule mama ananitazama.

Zamu iliyofuata akashika gongo dhidi ya Andrew Miller, mrushaji aliyekuwa anaogopwa kuliko wote mwezi ule, akaupiga mpira ukavuka ukuta wa katikati. 6–3. Hakuna mzee kuliko yeye aliyewahi kupiga hivyo kwenye mechi ya saba ya fainali. Nilipiga kelele. Mama watoto aliamka.

Cleveland walirudisha, zikawa 6–6, mvua ikasimamisha mchezo dakika 17, na Cubs wakamaliza 8–7 zamu ya kumi, ubingwa wao wa kwanza tangu 1908. Nilikuwa Ngaramtoni nangoja gari lijae, saa 2 kasoro asubuhi, abiria wanashangaa suka ana machozi.

Akistaafu usimwache

Wanaogeuka makocha ni wengi, na si ajabu, maana wamekaa benchi miaka yote wakisoma mchezo. Ross mwenyewe aliifundisha Cubs kuanzia 2020 hadi 2023. Bruce Bochy alikuwa akiba misimu tisa, mechi 358 kwa jumla, halafu kama kocha akatwaa ubingwa mara nne: 2010, 2012, 2014 na San Francisco, na 2023 na Texas. Hao endelea kuwafuata. Kamera ikimwonyesha kocha anamnong'oneza mdakaji, mara nyingi ni mdakaji anamnong'oneza mdakaji.

Basi Jumapili hii, saa 2:15 usiku, fungua orodha ya wanaoanza. Tafuta herufi C (catcher, yaani mdakaji) kando ya jina. Linganisha na la jana. Kama limebadilika, huyo ndiye mtu wako.

Mimi tangu 2018 nina gari la kudumu. Jumapili analishika kijana mmoja wa Sombetini. Namwachia karatasi kwenye dashibodi: klachi inashikia juu, mlango wa nyuma uvute mara mbili, gia ya pili usiilazimishe ikiwa ya baridi, na asinipigie simu kati ya saa 2:35 na saa 5 na robo usiku.